Kabla hamjasaini huo mradi wa umeme

Mambo vipi rafiki yangu,

Natumaini mko poa nyote huko. Meseji yako ya kusema wamekuweka kwenye kamati ya umeme wa sola wa kijiji niliiona, hongera sana, na pole pia maana lawama za hiyo kazi hazina likizo. Nimeona nikuandikie barua kabisa kuliko kukujibu vipande vipande kwenye simu.

Umeniuliza paneli ngapi na betri gani. Hilo liacheni liwe swali la mwisho. Kampuni ikija itawaonyesha paneli, itawaonyesha picha za kontena lenye betri ndani, kila mtu atafurahi, sasa nyie waulizeni kitu kimoja tu, huu umeme saa sita mchana nani atautumia? Maana jua linawaka mchana, watu wanarudi nyumbani jioni, kuanzia saa moja mpaka saa nne usiku wote wanawasha taa, tv, wanachaji simu kwa pamoja, kwa hiyo umeme wa mchana unakosa mtu na wa usiku wote inabidi utoke kwenye betri, na betri ndo inayokula hela. Paneli inaweza kufika miaka 25. Betri zile za asidi ukiwa unazishusha chini ya nusu kila siku haziendi mbali, lithiamu ni afadhali sana, unaitumia mpaka asilimia 80 hivi na bado inadumu, ila nayo siku moja itataka kubadilishwa na hapo ndo mtaulizana hela iko wapi.

Benki ya Dunia kwenye ripoti yao ya 2022 walipiga hesabu hii. Gridi ndogo ya sola, yaani mtambo na waya za kijiji kama huo wenu, ikijengwa vizuri, wastani wa matumizi ukiwa ni asilimia 22 tu ya kilele chake, ile saa watu wanapotumia umeme mwingi kuliko zote, gharama ya yuniti moja ni kama senti 38 za dola. Wastani ukipanda mpaka asilimia 40 inashuka kwenye 28. Hapo hakuna aliyepunguza bei ya paneli hata moja, ni watu tu wamepata kazi ya kufanya na umeme muda ambao jua lipo, kusaga, kuchomelea, kupampu maji, kugandisha barafu, kuranda mbao. Ndo maana nakwambia anza na kazi kwanza.

Alafu kuna hili la mashine ya kusaga, hapa nisikilize vizuri kwa sababu nimeona watu wakigombana kwa ajili yake. Mwenye mashine atakuja kwenye kikao atasema mota yangu ni kilowati 7.5, mtambo wenu ni wa kilowati 30, tatizo liko wapi? Tatizo ni pale inapowashwa. Mota ikianza moja kwa moja inavuta mara tano mpaka saba ya mkondo wake wa kawaida, ni sekunde chache tu lakini zinatosha, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri na paneli uwe wa kutumia majumbani, inaona mzigo umeizidi inajizima yenyewe, na kijiji kizima giza, mpaka wale ambao hawana habari na unga wala mashine. Wakiwasha tena inazima tena. Basi jioni yake utasikia umeme wa sola hauna nguvu! Dawa ipo wala sio ngumu, kuna kifaa cha kuiwasha mota taratibu, kinafungwa kwenye mashine, na mnakubaliana mashine zote kubwa zinasaga kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, tena mnawapa bei nafuu ya mchana ili wenyewe waone faida. Ila sasa hicho kifaa nani ananunua? Muandike kwenye mkataba. Mkisema tutaelewana baadae hamtaelewana.

Sasa twende kwenye hilo la pili uliloligusa kidogo tu, kwamba umeme uwe wa wote. Naona kila mradi unaandika hayo maneno kwenye karatasi, alafu mtu wa takwimu anafika anamuuliza mwenye nyumba, baba, unahitaji umeme wa nini, baba anasema tv na redio, karatasi imefungwa. Mama ambaye ndo anakaa siku nzima na kuni, maji, cherehani, na watoto wa kusoma usiku hajaulizwa kitu. Ukiwauliza kina mama peke yao, bila wanaume pembeni, matumizi yanabadilika kabisa na ya mchana ndo yanaongezeka, kwa hiyo hata kama mtu hajali usawa basi aangalie hesabu. Na mita iandikwe kwa jina la anayelipa. Mjane au mpangaji asiambiwe alete sahihi ya mwanaume ndo aunganishiwe, upuuzi huo mkataeni mapema.

Kingine ni hela ya kuingia. Watu wanabishania bei ya yuniti wee, kumbe masikini anaachwa mlangoni, hela ya kuunganishiwa, hela ya wayaringi ya ndani, nyumba ya udongo fundi anasema haifai. Kuna vibao vilivyokwisha kufungwa kila kitu, swichi, soketi na taa, kimoja kinapigiliwa ukutani na nyumba imepata umeme bila kutoboa toboa, ulizeni bei yake, na hela ya kuunganishiwa igawanywe ilipwe kidogo kidogo kupitia mita ile ile ya kulipia kabla. Na wale wanaokaa mbali na nguzo ya mwisho, maana mara nyingi ndo hao hao wasio na kitu. Laini ndogo ikivutwa mbali sana volti zinashuka, taa inawaka kama imechoka na friji haiwaki kabisa, kwa hiyo kampuni inachora mstari wa mpaka kwenye ramani na kuwaacha nje. Sawa, waya una kikomo chake, sibishi. Lakini wapewe sola za nyumbani na kampuni ile ile, fundi yule yule, na haki ya kulalamika ile ile, sio waambiwe subirini awamu ya pili. Awamu ya pili nimeisikia sana kuliko nilivyoiona.

Bei mkubaliane hadharani. Naijeria kanuni zao za gridi ndogo za 2016 ziliruhusu bei kupangwa kwa makubaliano na asilimia 60 ya wateja, mimi naipenda hiyo, inalazimisha watu wakae chini waonyeshwe hesabu, dizeli ya jenereta ya akiba kiasi gani, mshahara wa fundi kiasi gani, akiba ya betri kiasi gani. Hiyo ya betri msikubali ifichwe ndani ya "gharama nyinginezo". Fungueni akaunti yake kabisa.

Na gridi kubwa ya taifa ikifika je? Usicheke, inafika, tena inafika siku hamjajiandaa. Kijiji cha Dharnai, jimbo la Bihar huko India, shirika la mazingira la Greenpeace waliwafungia mtambo wa kilowati 100 mwaka 2014, na wapo wanakijiji walioandamana kusema wanataka umeme wa kweli sio huu feki. Gridi ya serikali ikaja na bei ya chini, mtambo ukatelekezwa. Sri Lanka nako vijiji vilijijengea mitambo midogo ya maji, gridi ilipofika mingi ikazimwa, michache sana ndo ilipata njia ya kuuza umeme wake kwenye gridi. Kamboja walikwenda tofauti, wafanyabiashara wengi waliokuwa wanauza umeme wa jenereta walipewa leseni wakanunua umeme wa gridi kubwa na kuusambaza kwa laini zao. Kwa hiyo nguzo na waya zenu zijengwe kwa kiwango ambacho gridi inaweza kuzipokea, na mkataba useme siku hiyo mtambo unauza umeme kwenye gridi, au unabaki kusambaza tu, au mwenye mtambo analipwa fidia aondoke.

La fundi nalo najua mtabishana. Wengi watataka kijana aliyesoma, kijana akishajua kazi anaondoka kwenda mjini na funguo za kontena. Kule Tilonia, Rajasthan, chuo cha Barefoot kimefundisha kina mama wa makamo, wengine hawajui hata kusoma, wakafunga na kutengeneza sola za vijijini kwao, tena wametoka mpaka nchi za Afrika kwenda kujifunza. Wale hawaondoki. Mimi ningechagua wawili, mmoja awe mama mwenye shughuli zake hapo hapo, na walipwe mshahara kutoka kwenye mauzo, sio kujitolea, kujitolea kunaisha nguzo ya kwanza ikianguka na mvua.

Basi fanya hivi, kabla ya kikao na hiyo kampuni niandikie orodha ya mashine zote za hapo, ukubwa wa mota (angalia kibati pembeni ya mota, usimuulize mwenyewe), saa zinazofanya kazi, na nyumba zilizo mbali na pale wanapotaka kuweka mtambo. Kina mama waulizwe na mama mwenzao. Nikizipata nitakupigia hesabu ya betri na paneli kwa jioni moja tu, na rasimu ya mkataba nitumie hata kama ni picha za simu, nataka kuona wameandika nini kwenye kile kipengele cha betri.

Wasalimie wote.

Rafiki yako