Taarifa ya mwenyekiti: mwaka huu tumehesabu upya

Ndugu wanachama, salaam. Nianze na samahani kabla hata ya shukrani. Jumla ya michango niliyowasomea kwenye mkutano wa mwaka jana ilikuwa kubwa kuliko hela iliyoingia kweli. Hakuna aliyeiba, hela yote iko benki au iko ardhini kwenye visima vya maji tunavyochangia vijijini, kosa lilikuwa la hesabu na mimi ndo niliyeisoma mbele yenu.

Ilikuwa hivi. Kumbukumbu zetu ziko kwenye databesi ya SQLite, ni ya bure na yote inakaa kwenye faili moja, ukitaka jibu unaliuliza kwa SQL, lugha ya kuulizia databesi. Sasa sisi tukaunganisha jedwali la michango na jedwali la ziara za kukagua visima kwa JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, halafu tukapiga SUM, amri ya kujumlisha, kumbe mtu aliyetoa 50,000 kwa kisima kilichotembelewa mara 3 mchango wake unajitokeza mistari 3 na unasomeka 150,000! Mhazini ndo aligundua alipolinganisha na karatasi za benki, Mungu ambariki. Siku hizi tunajumlisha michango ya kila kisima kwanza, ndo tunaleta ziara.

Idadi ya wachangiaji nayo ilivimba, maana mama yuleyule namba yake imeandikwa mara inaanza na 0, mara 255, mara +255, tukamhesabu watu watatu. Tumebakiza tarakimu 9 za mwisho, imekaa sawa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki. Tulikuwa tunajisifu visima vinatoa maji karibu mwezi mzima, ile wastani inayotolewa na amri ya AVG. Sasa AVG inaruka nafasi zilizo wazi, na nafasi zilizo wazi ni visima ambavyo hatukwenda, vya mbali kule ambako masika gari halipiti, yaani hao hao wenye shida kubwa ndo tuliwafuta kwenye hesabu bila kujua. Tulipoanza na orodha ya visima vyote tukaleta ziara kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila kisima hata kisicho na ziara, vikajitokeza kimoja kimoja, jina la kijiji lipo na pembeni patupu. Kamati imekubali ziara za mwaka huu zianzie hapo, na tuulize pampu inafanya kazi kiangazi au la, na kina mama wanakaa foleni muda gani, siyo tu kisima kimechimbwa.

Majina na namba za wachangiaji anaona mhazini na katibu tu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi wadogo.

Ahsanteni sana kwa kuchanga kila mwezi hata mkono ulipokuwa mtupu. Mwenye fomu ya ziara nyumbani amletee katibu, hata kama imelowa, hata kama uliandika tu "hakuna maji".