Wifi amekatwa taya, sendofu ya binti yake ni wiki 7 zijazo

Anti, shikamoo.

Naandika kuhusu wifi yangu, mke wa kaka, fundi cherehani wa Temeke mwenye miaka 47. Mwezi wa pili alifanyiwa upasuaji wa saratani ya kinywa. Taya la chini upande wa kulia liliondolewa pamoja na tezi za shingo, pengo likazibwa kwa nyama ya kifuani. Baadaye akapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, siku 5 kwa wiki, wiki 6. Madaktari wanasema anaendelea vizuri. Kinachotushinda ni uso.

Kidevu kimevutwa kulia, shingo imetuna pale nyama ilipopitishwa chini ya ngozi. Mdomo wa chini upande ule hauhisi kitu kwa kuwa neva yake iliondoka na taya, kwa hiyo chai ikichuruzika yeye ndiye wa mwisho kujua. Hilo linamtia aibu kuliko kovu. Mkononi hakosi pindo la kanga, anajipangusa hata pakavu.

Ya mwilini tunayamudu. Kovu limefunga kabisa, analikanda kwa vidole viwili na mafuta ya mgando kidogo, dakika 5, mara 3 kwa siku, akibonyeza mpaka ngozi yenyewe isogee. Kupaka juu juu hakulainishi kitu. Chini ya kidevu huamka amevimba kwa sababu maji ya mwili yamepoteza njia zake za shingoni. Analalia mito 2, na kufika mchana uvimbe umepungua (wageni tunawapangia alasiri). Mezani anaweka kioo kidogo, kijiko cha chai, chakula upande wa kushoto: macho yafanye kazi ya mdomo. Mtori unakaa; mchuzi mwepesi ndio adui.

Sasa ugomvi. Mama yetu anataka avae nikabu. Sina neno na anayeivaa kwa imani, ila wifi hakuwahi kuivaa, na hapa inatafutwa ya kuficha. Barakoa tumeshaiona: kamba zinakwaruza ngozi iliyopigwa mionzi, na udenda unailowesha. Baya zaidi, alianza kuivaa barabarani tu, sasa anaivaa hata sebuleni akija mjumbe. Kila akijifunika hofu inatulia siku ile, kesho yake inadai zaidi.

Tulikuwa tunakwenda taratibu: kioo dakika 1, kisha 5, kisha kukaa barazani, kisha genge la jirani jioni. Wiki 2 zilikwenda vizuri. Kaka akaona mambo yamekwisha, akamchukua Jumamosi kwenda Kariakoo kuchagua vitambaa. Kwenye basi la mwendokasi mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, yule bibi kafanyaje mdomo?" Mama mtu akamziba mtoto kinywa, na huko kuzibwa ndiko kulikomchoma wifi. Hatukuwa tumemwandalia hata jibu fupi, "Nilifanyiwa upasuaji, naendelea vizuri." Tangu hapo wiki ya tatu hajavuka geti.

Na sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa, ndiyo hiyo. Mama wa binti hajifichi nyuma: ataitwa mbele, atalishwa keki ukumbi mzima ukitazama, atapigwa picha. Keki kwake ni mtihani, mate yamepungua kwa mionzi na kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa vidole viwili.

Anti, naomba ushauri. Tuongee mapema na mshereheshaji keki apewe kwa kijiko na glasi ya maji, au aipokee mkononi tu? Mpigapicha akiambiwa asimame upande wa kushoto, tunamsaidia wifi au tunamfundisha kwamba kulia hakutazamiki? Nikabu ya siku moja ina madhara, au itaturudisha kwenye kioo cha dakika 1? Mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Na binti mwenyewe hajaulizwa na mtu. Tumuulize, au ni kumtwika mzigo siku zake hizi?

Wifi mtu, Temeke