Neno moja lililokucheleweshea uraia

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Mama yako ameniambia kwamba ile fomu ya kuomba uraia bado hujaigusa, na kwamba alipokuuliza ulimjibu, "Kiingereza nakijua, haraka ya nini?" Mimi na wewe siku hizi tunapishana mlangoni, wewe ukirudi kazini na mimi nikitoka kwenda zamu ya usiku, na jambo hili si la kusemea mlangoni. Ndiyo maana nimekaa hapa kwenye meza ya jikoni nikuandikie.

Nianze na deni langu kwako. Mdogo wako ni raia wa Marekani bila kufungua kitabu wala kujibu swali. Siku nilipoapa alikuwa na miaka tisa, ana grini kadi, ile karatasi ya ukaazi wa kudumu, anaishi chini ya paa langu, basi sheria ikamhesabu raia papo hapo pamoja na mimi. Hiyo sheria inawashika watoto walio chini ya miaka 18. Wewe ulikuwa umetimiza 18 wiki nane tu kabla. Ningefaulu mtihani wangu wa uraia mara ya kwanza, ile Oktoba ya 2022, huenda ningeapa kabla ya siku yako ya kuzaliwa, na leo tusingekuwa na mazungumzo haya. Sikufaulu. Nilikuambia wakati ule kwamba "mambo hayajakaa sawa," na wewe kwa heshima hukuuliza zaidi. Sasa nakueleza.

Unakumbuka nilivyojiandaa, maana ni wewe uliyenishikia kadi. Ulizikata mwenyewe kwenye maboksi ya nafaka, maswali 100, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, kwa mwandiko wako ule wa kulalia kushoto. Kila jioni kabla ya zamu ulinikalisha. Maseneta wangapi? Mia moja. Katiba iliandikwa lini? 1787. Kwa hiyo siku ile afisa alipoanza kuniuliza, nilijibu sita mfululizo akaacha, kwa kuwa sita kati ya kumi zilitosha. Akanipa sentensi nisome, nikasoma. Akanisomea nyingine niandike, nikaandika "Citizens can vote," herufi zote mahali pake. Moyoni nikasema, leo narudi na furaha.

Kisha akafungua fomu yenyewe, akaanza kunipitisha maswali ya "Have you ever," yaani "je, umewahi." Hayo hatukuwa tumeyatengenezea kadi. Tulidhani mtihani ni yale mia moja, kumbe kule kuzungumza juu ya fomu yako ndiko kunakopimwa kama Kiingereza unakielewa. Akaniuliza, "Have you ever persecuted any person?" Neno hilo nililijua, mwanangu. Nililisikia pale Nyarugusu, kambini Tanzania, kwenye kila usaili wa kutafutiwa nchi ya tatu, mkalimani akilirudia mpaka likawa kama jina letu la ukoo: "persecuted," "persecution." Lilikuwa neno la kisa chetu, la kwa nini tuliacha nyumba usiku na kuvuka ziwa. Nikajibu, "Yes."

Afisa akaweka kalamu chini. Akarudia swali polepole. Nikajibu, "Yes, many times," nikaanza kumsimulia usiku ule.

Kwetu kati ya kutesa na kuteswa kuna herufi moja tu, ile "w," lakini mtoto wa miaka mitatu anaisikia. Kiingereza kinaficha tofauti hiyo ndani ya kineno "been," ambacho kinapita sikioni kama inzi. "Have you been persecuted," umeteswa. "Have you persecuted," umetesa watu. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya serikali, mkono wangu umekwisha kuinuliwa kuapa kusema kweli, nakiri kwamba nimetesa watu, tena mara nyingi. Yule mama afisa aliniuliza neno lile lina maana gani, nikashindwa kulieleza kwa Kiingereza. Namshukuru hadi leo kwamba alitambua kilichopungua ni lugha. Aliandika kwamba sikuelewa maswali, nikapangiwa kurudi kati ya siku 60 na 90. Niliporudi mwishoni mwa Desemba nilikuwa nimeyajua maneno yote ya fomu, moja moja. Lakini wewe ulikuwa umeshafikisha miaka 18.

Utasema "been" unaijua. Najua. Ulifika hapa Kentucky na miaka kumi na moja, Kiingereza chako kimenyooka, changu mimi kina kona. Hofu yangu kwako ni nyingine: maneno unayoyajua sana, ambayo mbele ya sheria yana uzito usioujua.

Chukua neno "raia." Kwetu Kongo, mtu akisema "mimi ni raia" alimaanisha hana bunduki, si askari. Ndivyo tulivyojitetea vizuizini. Kiingereza kina maneno mawili hapo: "civilian," asiye askari, na "citizen," mwenye nchi. Kiswahili chetu kimeyaweka yote kwenye kapu moja, na mtu anayetafsiri kichwani kwa haraka anaweza kujiita "citizen" bila nia mbaya hata chembe. Na hapa Marekani, kujidai raia kabla hujawa raia ni kosa linaloweza kukufungia mlango wa uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Kwenye fomu wanaliuliza waziwazi.

Au chukua "register." Kambini kujiandikisha ilikuwa chakula. Karatasi ikipita, unajiandikisha kwanza, unauliza baadaye, kwa kuwa asiyeandikwa hapangi foleni ya unga. Basi unaikumbuka ile siku ya leseni yangu ya udereva, 2018? Ulikuwa na miaka 13, umesimama kando yangu ukinitafsiria. Yule binti wa kaunta akauliza, wewe ukanigeukia: "Baba, anauliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura." Nikasema ndiyo, tena kwa haraka. Sikusikia "kupiga kura." Nilisikia "kujiandikisha." Binti akaitazama tena grini kadi yangu iliyokuwa mezani, akatikisa kichwa, akabonyeza kitu akafuta. Hatukuelewa, tukaona kama ametunyima haki. Sheria ya 1993 inataka ofisi za leseni zimuulize mtu swali hilo, na wako watu wenye kadi kama yetu walioitikia tu, jina likaingia kwenye daftari la wapiga kura, na miaka baadaye likawatokea kwenye usaili wa uraia. Mimi niliokolewa na macho ya mtu mmoja asiyejua hata jina langu.

Sasa angalia neno hilohilo linavyokugeukia. Kijana wa kiume mwenye miaka 18 hadi 25, awe raia au mwenye grini kadi, sheria inataka jina lake liwemo kwenye orodha ya "Selective Service," wale ambao taifa likiingia vitani linaweza kuwaita. Huko usipoandikwa ni kosa. Kwenye daftari la kura ukiandikwa ni kosa. Kitenzi ni kimoja! Kwa hiyo ukisikia "register," usiseme ndiyo wala hapana kabla hujauliza: register kwa ajili ya nini? Wenzako wa shule waliozaliwa hapa wanaweza kujaza chochote wanachopewa na kijana mwenye ubao anayeandikisha wapiga kura mlangoni pa duka. Wewe bado.

Kuna na "cited." Fomu inauliza kama umewahi kuwa "arrested," "cited," au "detained." Arrested, kukamatwa, unaijua. Cited ni ile karatasi uliyopewa na polisi mwaka jana kwa mwendo kasi. Najua ulilipa, najua hukushikwa. Iandike. Na "good moral character," tabia njema, kwao si maneno ya mahubiri. Wanaangalia kodi umelipa, mahakamani umekwenda kwa lipi, na bangi. Hata majimbo yaliyoiruhusu, sheria ya taifa bado inaihesabu dhidi ya mwombaji. Sikutuhumu, nakuambia tu kwa kuwa marafiki zako hawatakuambia.

Ikija barua ya kukuita kuwa mzee wa mahakama, "jury duty," usiitupe na usiende. Majina wanayachota hata kwenye orodha ya leseni, kwa hiyo na wasio raia huletewa. Kuna kisanduku cha kusema wewe si raia. Kiweke alama, irudishe. Yangu ilikuja 2019 na nililala siku mbili bila usingizi kwa lile neno "summons," wito wa mahakama, nikidhani nimeshtakiwa.

Mtihani nao umebadilika tangu wangu. Aliyepeleka fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anasoma maswali 128, anaulizwa hadi 20, na lazima apate 12. Akikosea tisa, basi. Hayo hayanitii wasiwasi kwako, ulisoma shule hapa. Ila usiyadharau.

Neno lililonitesa kuliko yote, baada ya lile la kwanza, ni "renounce" la kwenye kiapo. Kukana. Sisi tumelelewa tukijua nani alimkana nani kabla jogoo hajawika, na neno hilo halina uso mzuri. Nilimwambia mama yako sitaweza kusimama mbele ya watu nikaikana ardhi alikozikwa baba yangu. Aliyenisaidia ni mdogo wako. Alikuwa akifanya kazi ya shule palepale mezani, akasikia, akasema kwamba shuleni kila asubuhi wanasema "allegiance." Nikaitafuta: utii. Nikakisoma kiapo upya. Unachokana ni "allegiance," utii wa kisheria kwa mfalme au dola nyingine. Kaburi la babu yako halimo kwenye sentensi ile, wala lugha hii ninayokuandikia, wala jina lako. Siku ya kuapa nilitamka "renounce" kwa sauti nzima, na machozi yaliyonitoka hayakuwa ya aibu.

Halafu nikagundua kwamba maneno hayakuisha. Novemba 2023 nilipiga kura yangu ya kwanza, tulikuwa tunachagua gavana. Nilipewa karatasi ndefu, nikashika kalamu, nikakutana na watu ambao sikuwa nimewahi kusikia kazi zao: "Auditor," "Treasurer," "Commissioner of Agriculture." Mkaguzi wa hesabu, mweka hazina, msimamizi wa kilimo. Na "Secretary of State," ambaye kwenye kadi zako tulijifunza ni waziri wa mambo ya nje, kule Washington. Hapa jimboni cheo hichohicho ni cha msimamizi wa uchaguzi. Nilisimama pale hadi mzee wa kituo akaja kuniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama. Nilikuwa na miaka 49, na hakuna mtu katika nchi mbili nilizoishi kabla ya hii aliyewahi kuniuliza nani atunze hazina.

Sasa nenda kwenye mkutano wa bodi ya shule ya mdogo wako uone. Kila baada ya dakika tano mtu anasema "motion," mwingine "second," na jambo la mamilioni ya dola limekwisha pita. Mara ya kwanza nilidhani wanazungumzia mwendo na sekunde. Ni hoja, na kuunga mkono hoja. Mara ya tatu niliomba kusema, kuhusu basi linalowaacha watoto barabarani gizani, na nilisema kwa Kiingereza changu cha kona, dakika mbili kamili. Kituo cha basi kilihamishiwa penye taa. Natamani ungekuwepo, na natamani siku moja uwe upande ule mwingine wa meza.

Fomu ukiijaza mtandaoni ni dola 710. Nimeziweka, ziko kwa mama yako, usibishane naye. Zile kadi zako bado ziko kwenye bati la biskuti juu ya kabati, nimeongezea za maswali mapya, na nyingine thelathini na moja za maneno ya "Have you ever," kwa mwandiko wangu mbaya. La juu kabisa ni "persecute," upande wa nyuma nimeandika: kutesa, SI kuteswa.

Jumapili sina zamu. Safari hii nitazishika mimi.

Baba yako