Kuchanganya michezo hakumpunguzii mbashiri hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie ushauri mmoja ambao umeenea sana hapa Mwanza, kuanzia vibanda vya kubeti vya Igoma na Buzuruga hadi vijiwe vya bodaboda pale Kirumba. Ushauri huo unasema kwamba anayebeti mpira wa miguu peke yake anajitafutia hasara, na kwamba mwenye akili huchanganya michezo: timu nne za mpira, mbili za kikapu, wachezaji wawili wa tenisi na pambano la ngumi, ili mchezo mmoja ukimwangusha mwingine umwinue. Wanaoutoa nawafahamu, na wengi wao wana nia njema. Hata hivyo ushauri huo si sahihi, na umewagharimu fedha nyingi vijana wanaozitafuta kwa taabu usiku kucha ziwani.

Mtoto wa dada yangu ni mvuvi wa dagaa. Wasomaji wa kanda hii wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kubwa samaki hao hawakusanyiki kwenye mwanga, kwa hiyo mitumbwi huvutwa pwani na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa, huku mapato ya giza lililopita yakiwa mfukoni. Mwaka jana, katika mapumziko kama hayo, mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu Igogo akiwa na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za mikeka (yaani beti za mechi kadhaa kwa dau moja, ambazo lazima zote zitimie), nyingine wino wake umeshaanza kufifia, na simu yenye orodha ya mikeka mingine aliyoicheza bila kwenda kibandani. Alitaka nimkopeshe nauli ya kurudi kisiwani. Nilimwambia nitampa, lakini kwanza tukae kibarazani tuipange mikeka hiyo kwa tarehe na saa, kisha tuiandike yote daftarini.

Kazi hiyo ilituchukua tangu alasiri hadi taa zilipowashwa, na nilichokiona daftarini ndicho kilichonisukuma kuandika barua hii. Siku ya kwanza kulikuwa na mikeka mitatu, yote ya mpira, yote imechezwa kabla ya saa mbili usiku. Siku ya nne kulikuwa na mkeka wa saa tisa usiku wenye timu saba za kikapu za Marekani, na kabla jua halijachomoza kulikuwa na mwingine wa tenisi inayochezwa Australia. Nilimuuliza ni nani kati ya wachezaji wale wa tenisi anayemfahamu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mpira ulikuwa umeisha."

Mpwa wangu hakuichagua tenisi kwa sababu anaijua. Aliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa inachezwa saa ile, na kwa sababu mkeka wa jioni ulikuwa umechanika, yaani umekosa. Ligi za Ulaya zikimalizika usiku wetu, kikapu cha Marekani huanza kwenye saa tisa za alfajiri, na kikapu kikielekea mwisho, mashindano ya Asia na Australia yako uwanjani. Kwa kijana aliyepoteza fedha na anayetaka kuzirudisha kabla hajalala, wingi wa michezo maana yake ni kwamba siku haina mwisho. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kupoteza mara tatu kwa siku sasa anayo nafasi ya kupoteza mara ishirini.

Sasa nije kwenye hesabu, maana huko ndiko ushauri wa kuchanganya unakoanguka. Mfanyabiashara wa dagaa anayegawa magunia yake katika mitumbwi mitatu kutoka Ukerewe kuja Mwaloni anafanya jambo la busara, kwa kuwa mmoja ukizama miwili itafika na mzigo wa miwili utauzwa. Mkeka haufanyi kazi hivyo. Mkeka ni sawa na mnunuzi anayekuambia kwamba mtumbwi mmoja ukizama, hata mzigo wa ile miwili iliyofika salama hutalipwa. Katika mapatano ya namna hiyo kila mtumbwi unaouongeza unaongeza hatari, na haijalishi kama mmoja umetoka Ukerewe, wa pili Kome na wa tatu Ukara.

Chukua mkeka wa michezo kumi, kila mmoja una odi ya 1.30 (namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda), yaani wale ambao vijana huwaita "wa uhakika". Ukizidisha odi hizo zote unapata takriban 13.8, na dau la shilingi 1,000 linaahidi karibu shilingi 13,800. Lakini odi ya 1.30 haielezi uwezekano halisi, kwa sababu kampuni hukata sehemu yake ndani ya kila odi. Tuseme sehemu hiyo ni kama asilimia saba. Hapo mchezo wa 1.30 hutokea kama ulivyobashiriwa mara 72 katika 100. Michezo kumi ya namna hiyo kutokea yote kwa pamoja ni mara 37 hivi katika mikeka 1,000. Atakayecheza mikeka hiyo 1,000 kwa dau la shilingi 1,000 atakuwa ametoa shilingi milioni moja na kurudishiwa kama laki tano na elfu kumi, kabla ya kodi ya ushindi kukatwa. Lile kato la asilimia saba, likirudiwa mara kumi, limemeza karibu nusu ya fedha yake, wala hakuna aliyemwibia.

Katika hesabu hiyohiyo kuna jambo lililomshangaza mpwa wangu kuliko yote. Mikeka inayochanika kwa timu moja tu ni kama 146 katika 1,000, yaani kwa kila mkeka mmoja unaoshinda, karibu minne itakosa kwa timu moja. Kijana anayekosa kwa timu moja huhisi kwamba amekaribia na kwamba kesho atapata, ilhali jinsi mkeka ulivyo ndivyo humwonyesha sura hiyo ya kukaribia mara nyingi kuliko ushindi wenyewe. Katika daftari letu tuliikuta mikeka mitano ya namna hiyo, na baada ya kila mmoja wao dau lililofuata lilikuwa kubwa zaidi.

Naomba nisieleweke kwamba michezo yote ni sawa, kwa kuwa tofauti zipo na ni vema anayebeti azijue. Mpira wa miguu una mabao machache, kwa hiyo penalti moja au kadi nyekundu hupindua mchezo mzima, na tena una matokeo matatu, kwa maana sare ni sehemu yake. Saudi Arabia iliifunga Argentina 2-1 tarehe 22 Novemba 2022, na Argentina hiyohiyo ikatwaa Kombe la Dunia mwezi uliofuata. Kikapu kina pointi nyingi na hakina sare, hivyo timu bora hushinda mara nyingi zaidi. Lakini wapanga odi wanalijua hilo kabla yako, na ndiyo maana utapewa 1.10. Kwa odi ya 1.10, ukishinda mara kumi na kukosa mara moja, umerudi palepale ulipoanzia. Ngumi ni mchezo wa watu wawili ambapo konde moja hutosha. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, aliyeitwa siku chache kabla ya pambano na ambaye huko Uingereza wachache walimpa nafasi, alimmaliza Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya pili. Sisi tulishangilia, lakini waliokuwa wameweka fedha kwa mwenyeji "wa uhakika" walijifunza neno hilo lina thamani gani.

Masharti nayo hutofautiana, na hapa wengi huumia bila kujua. Katika mpira, beti ya kawaida huhesabiwa kwa dakika 90 pamoja na zile za majeruhi, wala si dakika 30 za nyongeza, kwa hiyo unaweza kuona timu yako ikiinua kombe huku mkeka wako umechanika kwa sare. Katika kikapu, muda wa nyongeza kwa kawaida huhesabiwa. Katika tenisi, mchezaji akiumia na kujitoa, kampuni moja itarudisha dau na nyingine itamlipa aliyembashiri mchezaji aliyebaki endapo seti ya kwanza imekwisha. Mpwa wangu alikuwa na mkeka wa aina hiyo na hadi tulipoufungua pamoja hakujua kwa nini haukulipwa. Mtu asiyejua sharti la mchezo hajaujua mchezo huo, hata kama anamjua mchezaji kwa jina.

Ipo pia ile michezo ya kompyuta, ya mbwa na farasi wa kwenye skrini na mechi za dakika chache zisizo na wachezaji. Hiyo haina majeruhi, haina kocha, haina uwanja wa nyumbani. Matokeo yake hutolewa na mashine, na aliyekaa kibandani mwaka mzima akiitazama hana ujuzi wowote kumzidi aliyeingia leo. Siioni sababu ya mtu kuiwekea fedha.

Nini basi kifanyike? Mimi si mtu wa kusema vijana waache kabisa, kwa kuwa nakijua kijiji na nakijua kijiwe, na sheria yetu inamruhusu mtu aliyetimiza miaka 18 kubashiri kwa kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ninalosema ni kwamba fedha ya kubeti ihesabiwe kama kiingilio cha uwanjani: ukishalipa, imekwenda, na huwezi kwenda getini kuidai kwa sababu timu yako imefungwa. Kiasi hicho kipangwe kabla, kisiguse mafuta ya injini, ada ya mtoto wala mchango wa kikoba, na kikiisha kimeisha mpaka mwezi mwingine. Mwenye kutenga shilingi 20,000 aweke dau la 1,000 kila mara, na dau lisiongezwe baada ya kukosa.

Hilo la kuongeza dau nalisisitiza, kwa sababu kuna wanaofundisha kwamba ukikosa uzidishe mara mbili mpaka upate. Anza na 1,000, kisha 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukikosa hizo saba mfululizo umetoa shilingi 127,000, na dau la nane ni 128,000 kwa ajili ya faida ya shilingi 1,000 uliyoitafuta tangu mwanzo. Kwa beti ya nusu kwa nusu, kukosa mara saba mfululizo hutokea mara moja katika 128, na kwa anayebeti mara tano kila usiku siku hiyo haiko mbali.

Anayebeti achague mchezo anaoujua na ambao angeutazama hata bila fedha. Mpwa wangu anaweza kukutajia kikosi cha Pamba Jiji, timu ya mpira ya hapa Mwanza, na wa akiba wao, abaki huko. Aweke beti ya mechi moja, au mbili kwa wingi, kwa kuwa hapo kato la kampuni halijazidishwa mara nyingi. Aandike kila dau daftarini, alilokosa na alilopata, kwa kuwa kichwa cha binadamu hukumbuka ushindi wa laki moja na kusahau elfu moja mia mbili zilizoutangulia. Na yule anayeona kwamba hawezi kuacha hata akiamua, amwambie mtu wa nyumbani kwake mapema na aiombe kampuni imfungie akaunti. Kampuni nyingi zina utaratibu huo, na hakuna aibu ndani yake.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi. Magazeti mengi ya michezo huchapisha utabiri wa mechi za siku, na vijana huukata na kwenda nao kibandani. Kurasa hizo zichapishe pia, pembeni ya utabiri wa leo, matokeo ya utabiri wa jana na wa mwezi mzima uliopita: ni mechi ngapi zilitimia, ngapi hazikutimia, na aliyezifuata zote kwa dau la shilingi 1,000 angekuwa na kiasi gani leo. Nafasi ya vidole viwili vya karatasi inatosha.

Mpwa wangu alirudi ziwani giza lilipoingia. Mbalamwezi iliyopita alikuja tena na daftari lake, safari hii bila mfuko wa nailoni. Alikuwa ametenga 20,000, amecheza mara kumi na tisa, na mkononi zilibaki 14,500. Hakuniomba nauli.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Igogo, Mwanza