Viza mliyosema imefutwa, Mhariri, mimi nimeilipia

Mhariri,

Mara ya mwisho niliwaandikia kuhusu taka za soko la Kongowea, na ni zaidi ya miaka kumi sasa. Sikukusudia kurudi. Lakini ile habari yenu ya Jumapili, yenye picha ya watalii wanavishwa mashada na kupigiwa ngoma, na juu yake maandishi makubwa kama ya bango la kampeni kwamba Kenya haitaki tena viza, imenifanya niitafute miwani nikaisoma mara mbili.

Nani kawaambia imefutwa? Rais alitangaza hivyo, ndiyo, sikukuu ya Jamhuri, Desemba 12, 2023. Nami nilipiga makofi papo hapo sebuleni. Ilipofika Januari 2024 tukaletewa kitu kinaitwa eTA, yaani idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni. Mgeni ajaze fomu mtandaoni, atie pasipoti, picha, tiketi na mahali atakapolala, alipe dola 30, kisha angoje akubaliwe kabla hajakanyaga ndege. Paka hata ukimwita Sultani, panya wanamjua. Kama ni kushukuru, tushukuru kwamba ile viza ya mtandao ilikuwa dola 50. Ila kuna waliokuwa wakiingia bure, wakaanza kulipa siku ile ile tuliyowaambia viza hakuna. Miongoni mwao ni watoto wachanga, na hapo ndipo mliponichokoza.

Binti yangu ameolewa Ujerumani. Mwaka 2019 alikuja na mumewe na kifunguamimba wao wa miaka miwili, na mtoto hakulipa hata senti, kwa sababu enzi za viza mtoto wa chini ya miaka 16 akifuatana na wazazi alipita bure. Safari hii wana wa pili, wa miezi minne. Binti yangu ana pasipoti ya Kenya. Akamwombea mumewe hiyo eTA, akajua kazi imekwisha. Na kwa nini asijue hivyo, ikiwa magazeti yote yameimba kwamba mambo yamelegezwa? Alhamisi wakafika uwanjani huko kwao na masanduku manne. Msichana wa kaunta akaangalia pasipoti za watoto, akauliza idhini zao ziko wapi. Hakuna idhini, hakuna kupanda. Simlaumu yule msichana, hiyo ndiyo sheria yenu mnayoisifia. Mimi huku nyama ya biriani ilikuwa imeshakolea viungo tangu usiku, sufuria kubwa nimeazima kwa jirani. Wakarudi nyumbani wakaanza kumpiga picha mchanga. Wamemlaza juu ya shuka jeupe, mama amejificha upande anakishika kichwa kwa vidole viwili chini ya shuka, baba amepanda kiti na simu mkononi. Mtoto akifumbua macho anatoa ulimi. Akirudisha ulimi amesinzia. Picha ya kumi na saba ndiyo iliyofaa. Tena fomu ikataka kujua kazi yake, na sababu ya safari, na ushahidi wa mahali atakapofikia! Ikabidi mimi, mwalimu mstaafu, nishuke hadi saiba, kile kibanda cha intaneti pale stejini, kuandika barua ya kumwalika mjukuu wangu wa miezi minne katika nchi ya mama yake. Kijana wa saiba akaniuliza, "Bibi, nimwandike Bwana au Mheshimiwa?" Tukacheka, lakini nililipa. Nakala ya kitambulisho changu ikaambatanishwa, wasije wakadhani namwiba. Jibu ni ndani ya siku tatu za kazi, na Jumamosi na Jumapili si za kazi. Wakafika Alhamisi nyingine, dola 60 za watoto zimekwenda, na fedha za kubadilisha tiketi sizitaji kwa sababu mkwe wangu huenda akasoma. Biriani walikula majirani.

Najua mtanijibu kwamba kwa Katiba ya 2010 watoto hao ni Wakenya kwa kuzaliwa, maana mama yao ni Mkenya, basi wachukuliwe pasipoti. Inafuatiliwa. Tuombeane uzima.

Na hapo saiba nikakumbuka jambo jingine, maadamu kalamu iko mkononi. Hizi shilingi 50 tunazoongezewa tunapolipia huduma kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, eti ni za kuturahisishia. Zamani nilipanga foleni ofisini bure. Siku hizi napanga foleni saiba, namlipa kijana anibonyezee, namlipa wa kuchapisha, kisha naongeza 50 ya urahisi. Urahisi huo anao nani? Wazee wenzangu wa mtaani wengi simu zao ni za kubonyeza, kazi yake kupiga na kupokea tu. Gazeti lenu halijawahi kuliuliza hilo.

Wajerumani wenyewe, na viza zao sisi sote tunazijua (ada ya mtu mzima imepanda hadi yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hurudishiwi), hawamtozi ada mtoto wa chini ya miaka sita. Hata wao! Sisi tuliofuta, tunamtoza wa kunyonya. Mwaka 2025 serikali iliwaondolea Waafrika karibu wote huo mzigo, ila wa Somalia na Libya, na hapo naipongeza bila kinyongo. Ingawa jirani yangu mwenye shemeji Mogadishu hakupongeza.

Ombi langu ni dogo. Siku nyingine mkichapa "bila viza", chapeni na "dola 30" pembeni yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, kwa wino ule ule. Na wanaotengeneza ile fomu waongeze kisanduku kimoja cha kutia alama: "Anakwenda kwa bibi yake." Wakishindwa, waje Kisauni niwachoree.

Watoto wanasema watarudi Desemba. Ile idhini ni ya kuingia mara moja tu, kwa hivyo pasipoti zisipotoka tutaanza upya, na picha ya kumi na saba haitafaa tena. Amenenepa, na ameota meno mawili.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa