Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: mtaro uliotusomea kwenye taarifa hatujauona mtaani

Kwako Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Kigoma.

YAH: TAARIFA YAKO YA UTEKELEZAJI NA MTARO WA MAJI YA MVUA WA MTAA WETU

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa ulioko kwenye mteremko wa mji wetu unaoshuka ziwani, ni mpiga kura wako, na ni karani mstaafu wa mizigo wa reli. Jina lako silitaji, wala jina la kata, kwa sababu wewe unajijua na sisi tunakujua, na sina nia ya kukuvunjia heshima mbele ya watu wasiohusika. Barua hii nimeiweka hadharani kwa kuwa zile nilizozipeleka ofisini kwa mkono wangu zilipokelewa kwa adabu, zikagongwa muhuri, na huo ukawa ndio mwisho wake.

Kwanza nikushukuru kwa kuitisha mkutano ule wa Jumamosi katika uwanja wa shule na kutusomea taarifa ya kazi zako na za halmashauri kwa ujumla. Kiongozi kurudi kwa waliomchagua na kuwaeleza alichofanya ni jambo la haki, na wapo wenzako ambao tangu kuapishwa kwao hawajaonekana mtaani isipokuwa msibani. Uliisoma taarifa vizuri, kwa sauti inayosikika hadi nyuma, na ulipofika kwenye mtaro wetu ulisema uko katika hatua za mwisho za ukamilishaji. Tukapiga makofi. Usiku wa Jumanne mvua ikanyesha, na hizo hatua za mwisho zikapita mlangoni kwangu, zikavuka sebule na kuingia chumbani.

Nitakueleza yaliyotokea, Mheshimiwa, kwa sababu sidhani kama Mtendaji amekufikishia habari zote. Maji yalianza kupanda mara baada ya saa nane usiku. Hayakuja maji matupu, bali yalikuja na udongo mwekundu wa huko juu, chupa za plastiki, mifuko, nepi za watoto, na mengine ambayo kwa heshima yako sitayaandika, kwani vyoo vya mashimo vya majirani wa juu vilikuwa vimeshajaa. Mke wangu hupika sabuni ya mawese, na ndiyo inayotusukuma mwezi pale pensheni inapokwisha kabla ya tarehe. Madumu yake aliyoyanunua kwa mkopo wa kikundi yalipinduka yote, na mawese yakaelea juu ya tope ndani ya jiko hadi kulipokucha. Ukuta wa jiko lenyewe, ambao ni wa matofali mabichi, ulilowa na kulala chini alfajiri, muda mfupi baada ya mjukuu wetu kutolewa humo. Mpangaji wangu wa chumba cha uani alihama siku hiyo hiyo na kunidai kodi aliyoilipa mbele. Nimemrudishia, maana angefanya nini? Kikundi nacho kinamdai mke wangu marejesho yake ya wiki, na kikundi hakijali mvua. Hivi sasa ninapokuandikia tunapikia barazani, na kila wingu linapojikusanya upande wa Kongo tunaanza kupandisha magunia juu ya meza.

Ndiyo maana nimeiomba nakala ya taarifa yako na kuisoma upya, polepole, kwa miwani. Katika kazi yangu ya zamani, mzigo uliopangwa kupakiwa uliandikwa safu yake, na mzigo uliopokelewa ukaandikwa safu nyingine na kutiwa saini na aliyeupokea, na karani aliyeandika magunia ambayo bado yako Dar es Salaam kwenye safu ya yaliyokwisha kufika Kigoma hakumaliza mwezi akiwa kazini. Taarifa yako, Mheshimiwa, imejaa magunia ambayo hayajafika. Mtaro umewekwa pamoja na kazi zilizotekelezwa. Ghuba la taka limewekwa humo humo, ilhali pale ulipoonyesha kidole wakati wa kampeni pana nyasi na gari bovu. Taa za barabarani zimewekwa pia, na hizo nazikubali, kwa sababu nguzo mbili naziona kutoka hapa nilipo, ingawa moja haiwaki.

Nimeona pia kwamba sehemu kubwa ya taarifa inaeleza reli ya kisasa kutoka Tabora hadi hapa kwetu. Mimi ni mtu wa reli na habari hiyo inanifurahisha kuliko wengi waliokuwapo uwanjani. Lakini kipande hicho cha kilomita 506 ni mradi wa Taifa, mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022, na sijaona mahali ambapo diwani wa kata yetu aliinua nyundo. Yanayofanywa na Serikali Kuu tunayasikia redioni. Kwako tulitaka kusikia habari za mita zile chache za mawe na saruji zinazotakiwa kuanzia kalavati la juu hadi lile la chini, na hizo zilipata sentensi moja.

Nilipokufuata baada ya mkutano ulinijibu, kama ulivyojibu siku zilizopita, kwamba mitaro iliyo kando ya barabara si kazi ya halmashauri, bali ni ya wakala aliyekabidhiwa barabara za mitaa tangu mwaka 2017. Naelewa. Lakini mwaka 2020 ulipokuja kuomba kura kwa mara ya kwanza, wakala huyo alikuwa na miaka mitatu tayari, na hukutuambia kwamba mtaro si wako. Ulisema mtaro huo ni wa kwako, na kwamba tukuchague uumalize. Ukatuomba tuchangie nguvu za wananchi, tukachangia mawe na mchanga, vijana wakasomba wiki nzima. Baadhi ya mawe yale yalijengwa, mengine yalipungua usiku hadi usiku, na leo sehemu iliyojengwa imebomoka kiasi kwamba unaweza kung'oa jiwe kwa mkono mtupu. Sisi si wahandisi, hivyo sitasema saruji ilipunguzwa. Nasema tu kwamba mawe ya nyumba yangu niliyoijenga kwa fundi wa mtaani, miaka mingi kabla ya hapo, bado yameshikana. Baraza likavunjwa katikati ya mwaka 2025, ukarudi kwenye kampeni, ukasimama pale pale kwenye kalavati na kusema umebakiza hatua kidogo.

Najua mvua si kosa lako, wala ziwa si kosa lako. Wazee wote wa Kigoma wanaona jinsi maji ya Tanganyika yalivyopanda kuanzia mwaka 2020 hivi, yakala fukwe, mialo, na nyumba za watu waliokaa pwani, na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga huko ng'ambo, kwa hiyo maji yakizidi hayana haraka ya kuondoka. Waliofukuzwa na ziwa walipanda mlimani. Wamejenga juu yetu, wameezeka mabati, wamekata miti iliyokuwa ikishika udongo, na mimi nadhani, ingawa sina karatasi ya kuthibitisha, kwamba baadhi ya viwanja vilivyogawiwa huko juu vimekaa juu ya mkondo wa zamani wa maji. Kila bati jipya linamwaga maji yake kwetu. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi ningepanda. Lakini watu walipokuwa wanahamia huko, kata ilikuwa na diwani, ilikuwa na mtendaji, na ilikuwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni wewe.

Tena hata kama tukikubali kwamba mawe ni ya wakala, taka ni za nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeiachia mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na ada ya taka tunalipa, kwa mashine na kwa risiti, nami risiti zangu ninazo zote kwa tabia ya ukarani. Gari la taka hupita barabara ya lami ambako bajaji zinapita, kwetu haliteremki kwa madai kwamba njia ni mbovu, kwa hiyo watu wanasubiri mvua na kutupa taka mtaroni ili mvua izichukue. Ni tabia mbaya na nimegombana na majirani kwa ajili yake. Hata hivyo, usiku wa Jumanne kalavati la chini lilikuwa limezibwa na taka hizo kabla tone la kwanza halijaanguka, na siku chache kabla yake wewe ulikuwa umetusomea kwamba usafi wa mazingira katika kata yetu umeimarika.

Kuna jambo moja ambalo linaninyima usingizi kuliko ukuta wa jiko. Maji yale yaliyochanganyika na vyoo yanakwenda ziwani, na ziwani ndiko wengi wa mtaa wa chini wanakochota, wanakofulia na kuoshea vyombo. Wewe ni mwenyeji wa hapa na huwezi kuwa umeisahau Mei 2015, wakati ndugu zetu waliokimbia kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka, kipindupindu kikazuka, na Meli ya Liemba ikawa inawaleta huku bandarini kwa mafungu. Ugonjwa ule ulionyesha wazi nini kinatokea watu, vinyesi na maji ya ziwa vinapokutana. Sisi hatuhitaji machafuko ya nchi jirani ili tufike huko, inatosha kalavati moja lililoziba na mtoto mmoja aliyekunywa maji bila kuchemshwa. Mjukuu wangu aliharisha Jumatano na Alhamisi. Amepona, namshukuru Mungu, lakini zahanati tulitumia fedha ambazo zilikuwa za matofali.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa sheria ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, nitasema kidogo tu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na taarifa yako inasema vikundi vya kata yetu vimenufaika. Vikundi gani? Havikutajwa. Kikundi cha mke wangu kilijaza fomu na bado kinasubiri, na madumu yaliyomwagika yalinunuliwa kwa mkopo wa kikundi wenye riba ya kutisha. Hilo nalo utalitolea maelezo siku nyingine.

Katiba yetu, ibara ya 146, inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sisi hatudai madaraka makubwa. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, na mimi nikiwa mtu wa muda mwingi sasa nimehudhuria, nikakaa kiti cha nyuma, nikasubiri mtaro wetu utajwe. Ulisimama kwa hoja ya posho za madiwani, na uliizungumzia kwa ufasaha ambao ningetamani kuusikia siku moja katika habari za kalavati.

Nilikuwa nimeandaa maombi mengi, yakiwamo mkataba wa ujenzi usomwe mbele ya mkutano wa mtaa, mapato na matumizi ya ile michango yetu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, gari la taka lipangiwe siku ya kuja kwetu, na waliobomokewa waandikwe majina. Yote ni ya haki na siyafuti. Lakini umri umenifundisha kwamba kiongozi akipewa maombi mengi huchagua lililo jepesi, akaliweka kwenye taarifa ijayo, kwa hiyo nakuomba moja tu.

Njoo utembee mtaroni. Usije na gari, kwa kuwa gari halipiti, na usije na kipaza sauti. Uje kwa miguu, pamoja na mhandisi na Mtendaji wa Kata, mkiwa na ile karatasi inayosema kazi imefanyika, muanzie kalavati la juu na kushuka nasi hadi maji yanapoingia ziwani, na kila mahali karatasi inaposema pamejengwa tusimame tupaangalie. Njoo kabla ya Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, maana kiangazi mtaro wowote unaonekana mzima. Ukipenda uje kesho. Ukipenda uje usiku mvua ikianza, nyumba yangu utaijua kwa kuwa haina jiko. Utembee tu, Mheshimiwa, hata usiposema neno, halafu urudi ofisini uandike upya ile sentensi moja.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Mwenyekiti wa Mtaa na kwa Mtendaji wa Kata, na nimegongewa muhuri kama kawaida.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu,
mkazi wa mtaa ulio chini ya kalavati.