Krismasi njema, na kumbukumbu ya baba mkwe

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi kutoka huku kwa Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, karibu na Shiprock, New Mexico. Theluji inaanguka tangu juzi, na nyumbani kwa mama mkwe jiko la kuni halizimwi mchana wala usiku. Krismasi huku wanaiita Késhmish, basi nawasalimu na kwa lugha yao: Yáʼátʼééh Késhmish.

Hii ni Krismasi yetu ya kwanza bila baba mkwe. Mtaona jina lake silitaji. Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, hawapendi kulitaja jina la aliyekufa. Usimwite-ite aliyeondoka, asije akageuka njiani. Mwanzoni jambo hili lilinipa shida sana, maana kwetu Marangu, Kilimanjaro, marehemu anatajwa, na wajukuu wanarithi jina lake. Nimebaki na matendo yake, nayo ni mengi.

Ujanani alifanya kazi kwenye machimbo ya urani, madini yenye mionzi. Kati ya 1944 na 1986 mamilioni ya tani za mawe yenye madini hayo yalichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, na wachimbaji wengi hawakuambiwa vumbi lile lina nini. Jioni alirudi nalo kwenye nguo, mkewe akazifua kwa mikono. Kifua kilimtesa hadi mwisho, lakini kifua hakukilalamikia. Kilichomuuma ni zile nguo: kwamba yeye ndiye aliyewaletea vumbi mke na watoto nyumbani.

Labda ndiyo maana hakuacha kuwahudumia. Alfajiri aliamka wa kwanza, akawasha jiko, akatoka nje na chavua ya mahindi kusali akielekea mashariki, kisha akarudi kumwandalia mkewe kahawa. Nyumba yao haina maji ya bomba, kama nyumba nyingi za huku. Mapipa aliyajaza yeye, akayaleta kwa pikapu, na kifua kile kile.

Mimi binafsi nitamkumbuka kwa jambo moja zaidi. Kwa Wanavajo mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na anapojitambulisha ukoo huo ndio unaotangulia. Na mama wa watoto hawa ni mimi, Mchagga! Baba mkwe hakuona tatizo lolote. Aliniomba nimfundishe kulitamka jina la ukoo wetu, akalirudia-rudia kwenye pikapu mpaka likakaa ulimini, kisha akawafundisha wajukuu kulitaja kwanza mbele ya wazee. Baba yangu, aliyezoea kwamba ukoo ni wa kuumeni, alipoyasikia hayo kwa simu alinyamaza, halafu akasema, "Mwambie huyo mzee namshukuru sana."

Na kicheko! Huku mtoto mchanga akicheka kwa mara ya kwanza, aliyemchekesha ndiye mwenye kuandaa karamu. Binti yangu alichekeshwa na kofia ya babu yake ilipomdondokea usoni. Mzee alichinja kondoo, pakakaangwa mikate (fikirieni andazi bapa, pana kama sahani), akaushika mkono wa mtoto, na wageni wakapita mmoja mmoja kupokea chumvi ya mawe kutoka kwenye kiganja kile kidogo, ili mtoto akue na moyo wa kutoa.

Sasa binti yangu yuko darasa la tatu. Hadithi za zamani na michezo ya uzi, ile ya kutengeneza maumbo kwa uzi vidoleni, huku ni za majira ya baridi tu, buibui wakiwa wamelala, na babu ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Kwa mila za huku vitu vya mzee havikuwekwa, hata uzi wake haupo. Jana usiku mama mkwe alikata uzi mwekundu wa sufu, ule anaofumia mazulia, akampa mjukuu bila kusema neno. Mtoto akaanza lile umbo la nyota nyingi. Uzi ukajifunga, akafungua, ukajifunga tena. Mara ya tatu bibi akamsogezea kidole kimoja tu, akaliacha sindano lake na kuangalia. Nyota zikatokea katikati ya vidole vyake kumi.

Mlio njiani kupanda Marangu, Mungu awafikishe salama. Mnikumbuke kwenye ndafu. Nitawapigia simu baada ya ibada, na mama mkwe amesema naye atawasalimu.